Profesa Katika Kikundi cha Maigizo cha Kijiji

Karusandara, kaunti ndogo ya wilaya ya Kasese nchini Uganda iliyo katika tambarare kati ya miteremko ya Rwenzori na Ziwa George, ni mahali ambapo mambo ya umma ni mengi kuliko nafasi za kuyazungumza. Wakulima wa Kikonzo, wafugaji wa Kisongora, Wanyabindi na Watooro wanatumia ardhi ile ile na maji yale yale ya mito inayoshuka kutoka mlimani, huku wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth wakiwa majirani wasiotambua mipaka ya shamba la mtu. Tangu wafugaji waliotolewa katika hifadhi ya Virunga nchini Kongo walipoingia wilayani na ng'ombe wao mwaka 2006, na serikali ikalazimika kugawa upya sehemu ya ardhi kati ya wenye jembe na wenye fimbo, suala la nani alime wapi na nani anyweshe wapi limeendelea kugusa kila nyumba. Masuala ya namna hii hujadiliwa katika mikutano ya halmashauri za vijiji, ambako kwa kawaida husema wazee, wenye vyeo na waliozoea kusimama mbele ya watu, na wengine, hasa wanawake na vijana, husikiliza, hupiga makofi na kurudi nyumbani wakiwa na lao moyoni.

Sanaa za jamii ni mojawapo ya njia za kulitoa hilo lililobaki moyoni. Kwa jina hilo hukusudiwa ngoma, nyimbo, maigizo, ushairi wa majukwaani na michoro ya ukutani ambayo wenyeji wenyewe huifanya mahali pao, kwa lugha zao, kuhusu mambo yanayowahusu kama raia, tofauti na sanaa inayoletwa na kampuni ya burudani kwa wenye kulipa kiingilio. Vikundi vya sanaa hizi vipo karibu kila mahali Afrika Mashariki, na vingi hufa mapema, si kwa kukosa vipaji bali kwa kukosa katiba, daftari la fedha, barua iliyoandikwa vizuri na mtu wa kusimama nao siku mkubwa fulani anapokasirika. Hapo ndipo unapoingia mchango wa aina ya mtu ambaye kwa nadra hufikiriwa anapotajwa msanii wa kijijini, yaani mtu aliyeongoza idara au kitivo cha chuo kikuu, au shirika lisilo la kiserikali, akaamua kutoa sehemu ya muda na ujuzi wake kwa kikundi cha sanaa cha jamii bila kukifanya kuwa ajira.

Historia ya ukanda huu inao watu wa namna hiyo, na aliye wazi kuliko wote ni Profesa Penina Muhando Mlama wa Tanzania. Alizaliwa mwaka 1948 Berega, wilayani Kilosa, akasoma na kufundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akajulikana kwa wasomaji wa Kiswahili kwa tamthilia zake, zikiwamo *Hatia* ya mwaka 1972, *Nguzo Mama* ya mwaka 1982 na *Lina Ubani* ya mwaka 1984. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha mwaka 1983, ilichunguza maonyesho ya jadi ya Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Uchunguzi huo ndio ufunguo wa kazi zake zilizofuata, kwa sababu mtu anayeamini kwamba jamii ilikuwa na shule yake ya maonyesho kabla ya kufikiwa na shule ya ubao na chaki hawezi kwenda kijijini akidhani anakwenda kuwafundisha watu kuigiza. Baadaye alikuwa Ofisa Mkuu wa Taaluma wa chuo hicho, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliongoza kutoka Nairobi shirika la FAWE, jukwaa la wanawake wanaoshughulikia elimu ya wasichana barani Afrika, lililoanzishwa mwaka 1992 na mawaziri wanawake wa elimu. Aliwahi pia kuwa mwenyekiti wa bodi ya Baraza la Sanaa la Taifa nchini mwake.

Orodha ya vyeo kama hiyo ingeweza kumweka mtu mbali na kijiji kwa maisha yake yote. Kwa Mlama mambo yalikwenda kinyume, kwani katika miaka ya 1980 yeye na wenzake wa chuo, akiwamo Profesa Amandina Lihamba, walikwenda Malya katika mkoa wa Mwanza, kisha Bagamoyo na Msoga katika mkoa wa Pwani, wakikaa na wanakijiji na kufanya nao kile kinachoitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Ni kweli kwamba mwalimu wa chuo kikuu anayefanya utafiti haachi kupokea mshahara wake, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kubisha kama kazi ile iitwe ya kujitolea. Lakini kujitolea kwa kiongozi hakupimwi kwa mfuko peke yake. Hupimwa pia kwa kile anachokubali kukiweka kando, na alichokiweka kando mwandishi huyu wa tamthilia kilikuwa kalamu yake mwenyewe. Maigizo yaliyotoka katika vijiji hivyo hayakuwa ya Penina Muhando. Yalikuwa ya wanakijiji, na katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo, kilichochapishwa Uppsala nchini Sweden, aliyaeleza kama njia ya watu wa chini kushiriki katika kuamua maendeleo yao.

Njia yenyewe ina hatua ambazo msomaji wa kawaida anapaswa kuzielewa, kwa kuwa humo ndimo inamoonekana tofauti kati ya sanaa ya jamii na tangazo la serikali lililovishwa khanga. Kwanza waraghbishi, yaani watu wanaochochea mazungumzo bila kuyatawala, huishi na wenyeji na kuuliza ni mambo gani yanayowasumbua, wakisikiliza penye visima, vilabuni, shambani na msibani, si katika mkutano wa hadhara tu. Kisha wenyeji huyachambua mambo hayo, wakitafuta chanzo cha kila moja na nani ananufaika likiendelea kuwapo, na kuchagua lipi la kuanza nalo. Baada ya hapo hutunga onyesho kwa kutumia ngoma na masimulizi waliyonayo, huonyesha mbele ya kijiji kizima, na onyesho likiisha, au hata likiwa katikati, mjadala hufunguliwa ili watazamaji waseme kama mambo ndivyo yalivyo na nini kifanyike. Hatua ya mwisho, ambayo husahaulika mara nyingi, ni kufuatilia: nani aliahidi nini siku ile, na je, amefanya.

Mbinu hizi zina ndugu zake kwingine duniani. Nchini Botswana, mwaka 1974, kampeni ya Laedza Batanani ilipeleka maigizo, vikaragosi na nyimbo katika vijiji vya kaskazini ili kuwafanya watu wakutane na kujadili matatizo yao, na mwanamaonyesho wa Kibrazili Augusto Boal alikuwa akijenga katika miaka hiyo hiyo aina ya mchezo unaomruhusu mtazamaji kuusimamisha, kuingia jukwaani na kujaribu suluhisho lake mwenyewe. Boal na waandaaji wa kampeni ya Botswana walikuwa wanafunzi wa fikra za mwalimu wa Kibrazili Paulo Freire, aliyeshikilia kwamba mtu mzima hajifunzi kwa kumwagiwa maarifa kichwani bali kwa kuyajadili maisha yake. Hata hivyo Afrika Mashariki ilikuwa na sababu zake za karibu zaidi, kwani watu wake wamekuwa wakisemana kwa nyimbo tangu zamani, na anayeimbwa ngomani hujua anaimbwa ingawa jina lake halikutajwa.

Mwaka 1996 Mlama na Lihamba waliipeleka njia hiyo katika shule za sekondari za Tanzania kwa mradi wa TUSEME, ambao jina lake lenyewe linatosha kuueleza. Wasichana walitambua wenyewe mambo yaliyowazuia kusoma, kama vile unyanyasaji wa kijinsia, mimba, kazi za nyumbani na ukimya waliofunzwa tangu utotoni, wakayatungia maigizo, wakayaonyesha mbele ya walimu, wazazi na viongozi, kisha wakaunda vilabu vya kuendeleza hoja zao shuleni. Mlama alipokuwa kiongozi wa FAWE, mradi huo ulivuka mipaka na kuingia katika shule za nchi nyingi za Afrika. Jambo la kuzingatia hapa ni mgawanyo wa kazi: maneno na vitendo vya jukwaani vilikuwa vya wasichana, ilhali kiongozi mwenye uzoefu alitumia ujuzi wake mahali ambapo msichana wa miaka kumi na sita hawezi kufika, yaani kuishawishi wizara, kupata fedha na kuziwekea hesabu, kuwafunza walimu, na kuhakikisha kwamba mkuu wa shule aliyeguswa na igizo halipizi kisasi kwa walioigiza.

Hilo la mwisho si dogo, na kisa cha Kamirithu nchini Kenya kinaonyesha ukubwa wake. Mwaka 1976 Ngugi wa Thiong'o alikuwa mkuu wa Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na mwandishi aliyejulikana duniani, akiishi Limuru jirani na kijiji hicho. Kama alivyosimulia mwenyewe, mwanamke mmoja wa kijiji alimwendea nyumbani kumuuliza kwa nini yeye na wasomi wenzake hawakigawii kijiji sehemu ya elimu waliyoipata, na alipoona jibu linachelewa alirudi tena Jumapili kadhaa zilizofuata. Ni vyema kukumbuka kwamba mlango ulibishwa na mwanakijiji, profesa hakujialika. Yeye na Ngugi wa Mirii, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya watu wazima katika chuo hicho hicho, wakajiunga na kituo cha elimu na utamaduni cha jamii, na pale darasa la kusoma na kuandika likazaa tamthilia ya Kikuyu, *Ngaahika Ndeenda*.

Wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliokuwa wanakikundi waliusahihisha mswada, wakiwarekebisha wasomi katika lugha ya wazee na katika hesabu za mshahara wa kibarua, mambo ambayo wao waliyajua kwa kuyaishi. Walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukalisha watu zaidi ya 2,000, na mazoezi yalifanyika hadharani, kila mpita njia akiwa na haki ya kukosoa. Onyesho lilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Kibali kilifutwa katikati ya Novemba. Na tarehe 31 Desemba Ngugi alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978, naye hakurudishiwa kazi yake chuoni. Mwezi Machi 1982 polisi walikibomoa kituo chenyewe. Kiongozi wa chuo kikuu anayejitolea katika sanaa za jamii anaazima jina lake pamoja na kazi yake, na jina kubwa huvuta macho makubwa. Kwa upande mmoja lilikikinga kikundi na dharau ya maofisa wadogo, na kwa upande mwingine likakifanya kionekane Ikulu. Ni vigumu kusoma habari za kubomolewa kwa ukumbi uliojengwa na wanakijiji kwa nguvu zao bila kuona uchungu, na uchungu huo ni sababu ya kutosha ya kumtaka kila msomi anayeingia kikundini afikirie mapema nini kitawapata wasio na jina endapo dhoruba itatokea.

Uganda ina mkondo wake, uliopitia Makerere. Katika miaka ya 1960 mwalimu David Cook na wanafunzi wa chuo hicho waliendesha kikundi cha maonyesho cha kusafiri kilichozunguka nchini kikionyesha bila kiingilio, kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine. Mmoja wa vijana waliopikwa katika mazingira hayo ni Rose Mbowa, aliyekuja kuwa profesa na mkuu wa Idara ya Muziki, Ngoma na Maigizo ya Makerere, na aliyefariki mwaka 1999. Onyesho lake la mwaka 1987 lililoichora Uganda kama mama wa watoto wengi liliunganisha ngoma na nyimbo za makabila mbalimbali, wakati nchi ilikuwa imetoka vitani na kila kundi likiwa na jeraha lake. Mwenzake katika idara hiyo, Jessica Kaahwa, ametumia maonyesho katika masuala ya afya na amani, na ndiye aliyeandika ujumbe wa kimataifa wa Siku ya Maonyesho Duniani mwaka 2011. Shirika la TASO nalo, lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba, aliyekuwa mkuu wa chuo cha fiziotherapia huko Mulago, lilitegemea sana vikundi vya nyimbo na maigizo vya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao kusimama kwao mbele ya watu kulivunja woga ambao mabango hayakuweza kuuvunja.

Kasese yenyewe si shamba lisilolimwa katika jambo hili. Mwaka 1954 mwalimu Isaya Mukirane na wenzake walianzisha chama cha kutafiti historia ya maisha ya Wakonzo, wakakusanya masimulizi na mila za watu wa mlimani, wakisaidiwa na mwandishi wa habari wa Kiingereza, Tom Stacey. Chama hicho cha utamaduni kilikuwa miongoni mwa mizizi ya vuguvugu la Rwenzururu, ambalo mwaka 1962 lilijitangazia kujitenga na Tooro na ambalo madai yake yalidumu kwa miongo, hadi serikali ilipoutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2008. Historia hii ina pande nyingi na machungu mengi, ya zamani na ya karibuni, na watu wa Karusandara hawaisomi kwa jicho moja. Kwa sababu hiyo hasa, anayekusanya wimbo au simulizi katika wilaya hii anashika kitu chenye moto, na msomi anayejitolea hapa anahitaji kujua kwamba kuchagua ngoma ya nani ifungue onyesho ni uamuzi wa kisiasa, hata kama yeye anaona ni suala la mpangilio wa jukwaa tu.

Vipaji na vyombo vipo. Wakonzo wana *endara*, marimba makubwa ya magogo yanayopigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Wafugaji wana sifa za ng'ombe zinazokaririwa kwa pumzi ndefu. Na shule za msingi za Uganda hushindana kila mwaka katika muziki, ngoma na maigizo, kiasi kwamba karibu kila kijana aliyesoma hapa amewahi kusimama jukwaani angalau mara moja. Lugha nayo inataka busara. Igizo la Kikonzo peke yake litamwacha nje Msongora, na la Kitooro litamkumbusha mzee wa Kikonzo mambo ambayo hakuyasahau. Lakini Kiswahili, ambacho katiba ya Uganda imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005 na ambacho wafanyabiashara wa Bwera na mpaka wa Mpondwe hukitumia kila siku na majirani wa Kongo, si mali ya upande wowote katika ugomvi huo. Mchanganyiko unaofaa zaidi pengine ni ule wa Mbowa, ambamo kila mhusika husema kwa lugha ya kwao, na Kiswahili kikafanya kazi ya msimulizi anayeunganisha.

Vyuo navyo si mbali tena, kwani Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kipo Fort Portal, na katika mji wa Kasese wamo watu waliostaafu kutoka uongozi wa mashirika na shule za juu. Mtu wa namna hiyo akikubali kujiunga na kikundi cha Karusandara, kazi yake ya kwanza ingekuwa ya mezani: kusaidia kuandika katiba fupi ambayo kila mwanachama anaielewa, kukisajili kikundi kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, kuwafunza mweka hazina na katibu, na kuandika barua kwa polisi na kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kila onyesho ili asiwepo wa kusema hakujulishwa. Yeye anaujua mwendo wa ofisi, anajua ripoti ya mfadhili inatakiwa iwe na nini, na anajua pia kukataa fedha, ujuzi ambao una thamani kubwa kuliko unavyodhaniwa. Vikundi vingi vimeharibiwa na mashirika yanayoleta ujumbe uliokwisha kuandikwa, yakalipa posho kwa kila mwigizaji, na yalipoondoka hakuna aliyebaki tayari kufanya mazoezi bila posho. Kiongozi mzoefu anaweza kuiambia taasisi kubwa, kwa lugha inayoielewa, kwamba mada itachaguliwa na wanakijiji au mradi usianze.

Jukwaani, kinyume chake, anapaswa kuwa mdogo. Heshima anayopewa mtu mwenye shahada katika kijiji cha Afrika Mashariki ni kubwa mno, na neno lake moja kuhusu kisa gani kinafaa linaweza kuwafunga midomo watu kumi waliokuwa na kisa bora. Mtunzi wa tamthilia ana jaribu kubwa zaidi, kwa kuwa huona kasoro za mpangilio mapema kuliko wengine na mkono humwasha kuzirekebisha. Mlama na wenzake walijizuia kwa kuiacha hatua ya utunzi mikononi mwa wenyeji hata ilipokwenda polepole, na pale Kamirithu wasomi walizuiliwa na wanakikundi wenyewe, waliokuwa na ujasiri wa kuwaambia kwamba kibarua hasemi hivyo. Kikundi ambacho hakijafikia ujasiri huo kinaweza kujiwekea kanuni kwamba mshauri hasemi katika kikao cha kuchagua mada hadi kila mwanachama awe amesema, kuanzia aliye mdogo kwa umri.

Jambo moja zaidi linafaa kuandikwa katika katiba ya kikundi tangu siku ya kwanza, nalo ni namna ya kuondoka. Saini za benki ziwe za wanachama wanaoishi Karusandara, mshauri asiwe miongoni mwao. Nakala za barua, orodha ya wafadhili na namba za simu za maofisa zikae katika kabati la kikundi badala ya kukaa katika kompyuta ya mshauri. Na muda wake uandikwe kuwa mwaka mmoja au miwili, unaoweza kuongezwa kwa kura ya wanachama na si kwa ombi lake. Katika mwezi wa mwisho wa muda huo, katibu wa kikundi ndiye aende peke yake ofisi ya kaunti ndogo kutoa taarifa ya onyesho, na mshauri abaki nyumbani.